Juzi pia ulisema hivyo

Maneno haya yalisemwa mbele ya mkutano mkuu wa memba wetu, Uvira, mwezi wa munane 2023. Aliyeyasema ni memba wa komite anayesimamia misaada ya haraka. Sekretere ameyaandika karibu vile yalivyotoka kinywani, kwa ajili ya memba ambao hawakufika na kwa marafiki wanaotusaidia kutoka mbali.

Bwana prezida, wamama na wababa, vijana, na nyinyi marafiki wenye mtasoma maneno haya katika gazeti letu, jambo kwenu wote.

Komite iliniomba niseme juu ya kitu ambacho hakionekani. Hema inaonekana. Blanketi inaonekana, tunaipiga picha, picha inatumwa kwa wanaotusaidia, kila mutu anafurahi. Lakini habari, ile ya kusema maji yanakuja, tokeni, pitieni huku, haiingii katika picha yoyote. Ndiyo maana kwenye karatasi ya feza ya mwaka huu, mustari wa "yinite za telefone, batri na megafoni" umeulizwa maswali mengi kuliko mistari mingine yote. Rafiki mumoja wa mbali ameandika: kwa nini munataka kununua vyombo vya kusemea, na watoto wanalala chini? Ni swali zuri. Nitalijibu, lakini acha nianze na kosa langu mwenyewe.

Munakumbuka mvua ya tarehe 16 na 17 mwezi wa ine 2020. Mto Mulongwe ulitoka katika njia yake ukaingia katika nyumba za watu. Makumi ya watu walikufa, maelfu ya nyumba zilianguka, makumi ya maelfu ya watu wakakosa pa kulala. Na ilikuwa wakati wa korona. Tulikuwa tumeambiwa tusikusanyike, na mahali pa kukimbilia palikuwa masomo na makanisa tu, yaani mahali pa kukusanyika.

Siku mbili mbele ya mvua ile, nilipokea ujumbe katika WhatsApp. Ulisema kwamba udongo umeporomoka kule juu mulimani, umefunga mto, maji yamejaa nyuma yake kama ziwa, na usiku huo yatapasuka. Ulimalizika na maneno haya: "Tumia wote unaowapenda." Mimi ninawapenda watu wengi. Nikatuma katika vikundi vitatu. Kisha nikatoka na toroshi, nikagonga milango ya avenyu yetu yote. Watu walipanda mulima na magodoro kichwani, na watoto mugongoni. Tulikaa kule mpaka asubuhi. Hakuna kitu kilichotokea. Tuliposhuka, mama mumoja hakukuta sufuria zake, na jirani mwingine alikuta mbuzi yake imeibwa. Wengine walicheka, wengine hawakucheka.

Kisha ikaja ile siku yenyewe. Mama mumoja anayekaa juu, pembeni ya mto, alinipigia simu. Aliniambia: "Kaka, maji imegeuka rangi, ni matope tupu, na ninasikia mawe inagongana ndani. Niko ninaiona na macho yangu, sasa hivi." Nilikimbia tena mulango kwa mulango. Katika nyumba ya tatu alikuwa muzee mumoja, tulirudi pamoja kutoka Tanzania. Alifungua kidogo tu. Akaniangalia. Akasema: "Mutoto wangu, juzi pia ulisema hivyo." Akafunga.

Sikubishana naye. Kulikuwa na nyumba nyingi mbele. Tulimupata kesho yake, chini zaidi, karibu na ziwa.

Tangu siku ile ninarudia kuzisoma zile habari mbili katika kichwa changu. Zote zilifika katika telefone moja, mukononi mwa mutu mumoja, na mimi nilizibeba sawasawa. Lakini hazikuwa sawa hata kidogo. Ya kwanza haikuwa na mwenyewe. Haikutaja mahali pa kweli, haikusema nani ameona, ilitaka tu kutumwa. Ya pili ilikuwa na jina la mama, mahali anaposimama, kitu anachokiona, na saa. Mutu mwenye kazi ya kupasha habari angezitenganisha kwa nusu dakika. Mimi sikujua kwamba hiyo ni kazi. Nilifikiri ni roho nzuri tu.

Wengi wetu hapa tulipita Lugufu ama Nyarugusu. Jambo moja tulilijua kule bila kufundishwa: habari ya kweli inajulikana kwa njia inayopitia. Siku ya kugawa chakula ikibadilika, karatasi ilibandikwa kwenye ubao, na mukuu wa kijiji cha kambi alipita akisema yale yale. Kama ubao unasema hivi na mukuu anasema hivi, tunakubali. Kama ni mutu wa bombani ndiye anasema, tunasikiliza, lakini hatuanze kufunga mizigo. Na wakati wa kurudi, munakumbuka vile radio trotwari ilivyotutesa? Kila juma ilikuwa "boti ya mwisho." Watu waliuza mabati yao kwa bei ya bure juu ya boti ya mwisho, na kisha boti ingine inakuja. Tuliporudi nyumbani, ubao tuliuacha kule. Hapa kila mutu ni ubao.

Sasa nitoke Uvira kidogo, niende Goma, kwa sababu mambo ya Goma 2021 yanafundisha kuliko kitabu.

Siku ya posho, tarehe 22 mwezi wa tano 2021, magaribi, Nyiragongo ulipasuka. Mulima huo uko na watu wanaouchunga, wale wa Observatoire ya Goma. Lakini ilijulikana na kuandikwa katika magazeti ya dunia kwamba kwa miezi kadhaa kabla, walikosa feza za kulipa intaneti inayounganisha vyombo vya mulimani na ofisi yao. Hebu fikirieni. Chombo kiko mulimani, kinasikia mulima unapumua, lakini hakiwezi kuambia mutu. Baadaye wataalamu walisema kwamba mara ile mulima haukutoa dalili nyingi, na labda hata vyombo vyote vikisema, muda ungekuwa mufupi sana. Mimi ninachukua maneno hayo mawili pamoja. Vyombo vinahitaji feza ndogo ndogo za kila mwezi, si feza kubwa ya siku moja. Na hata vikiwa vizima, kuna siku habari ya kwanza itatoka kwa mutu aliye karibu, anayeona na macho.

Usiku ule mbingu ilikuwa nyekundu mpaka Gisenyi wakaiona. Wazee waliokumbuka tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002, wakati moto ulipita katikati ya muji, hawakungoja tangazo. Wengine walikimbilia mupaka wa Rwanda, wengine njia ya Sake, wengine walisimama barabarani wakiuliza wengine. Utawala wa kijeshi ulikuwa mupya kabisa, haujamaliza hata majuma matatu. Watu zaidi ya 30 walikufa, na baadhi yao hawakuuawa na moto wa mulima, walikufa katika ajali za gari wakati wa kukimbia. Kesho yake UNICEF ilisema kwamba watoto zaidi ya 150 wametengana na jamaa zao, na wengine zaidi ya 170 waliogopewa kuwa wamepotea. Wababa na wamama, mutoto hapotei juu ya moto. Anapotea kwa sababu mama amesikia "Rwanda," baba amesikia "Sake," na hakuna aliyesema mbele: tukitengana, tutakutana mahali fulani.

Kisha moto ulisimama kabla ya kufika uwanja wa ndege. Watu wakarudi kuangalia. Wengine walijaribu kuvuka juu ya mawe yale wakati hayajapoa, wakavuta hewa mbaya, wakafa. Hapo ninataka musikilize vizuri: hatari ya kwanza ilikuwa imekwisha, na watu walikufa kwa kukosa neno la pili. Sisi tunazoea kufikiri kwamba kazi ya habari ni kupiga makelele mwanzoni. Lakini watu wanahitaji kuambiwa lini wasirudi, wapi wasipite, maji gani wasinywe.

Siku tano nyuma, tarehe 27, ardhi ikiwa inatikisika kila saa na barabara zikipasuka, gavana wa kijeshi alitangaza kwamba watu watoke katika kartie 10 za muji kati ya 18. Alisema mulipuko mwingine hauwezi kukataliwa, ku inchi kavu ama chini ya ziwa, na unaweza kuja bila kutoa dalili nyingi. Watu karibu 400,000 walitoka. Kuna wale wanaolaumu amri ile kwa sababu mulipuko wa pili haukuja. Mimi simo kati yao. Amri ile ilikuwa na vitu ambavyo ujumbe wangu wa WhatsApp haukuwa navyo: ilikuwa na mwenye kuisema, ilitaja kartie kwa majina, ilionyesha njia, ilisema ukweli kwamba hata wataalamu hawana hakika. Mutu wa kartie ambayo haikutajwa aliweza kujua kwamba haikutajwa. (Wengi walitoka vilevile. Ukiona jirani anabeba godoro, masikio yanafunga.)

Palipokuwa na shimo ni kule mbele. Sake ni muji mudogo. Watu walilala katika masomo, makanisa, na nje, maji safi yalikuwa machache, na ni eneo la kolera. Na neno la lini watarudi halikuja haraka. Njaa ikawarudisha wengi mbele ya ruhusa. Waziri mukuu alipotangaza kurudi kidogo kidogo, tarehe 7 mwezi wa sita, wengine walikuwa tayari nyumbani mwao wanapika.

Kitu kimoja cha mwisho juu ya Goma. Katika siku zile zile, serkali ilitangaza kwamba mulima mwingine umepasuka pia. Ndege ikapita juu, haikukuta moto. Tangazo likaondolewa, na serkali ikasema wazi: ilikuwa alama ya uongo. Watu walicheka sana katika mitandao. Mimi sikucheka. Mimi baada ya usiku wangu wa uongo sikurudi kwa jirani hata mumoja kusema: jamani, nilikosea, ujumbe ule sikuuchunguza, siku ingine nitawaambia nani ameona. Nilijificha siku mbili kwa haya. Kama ningerudi kwa yule muzee asubuhi ile, pengine mulango ungekaa wazi kidogo zaidi. Sijui. Lakini haya yangu ilimugharimu.

Kuna upande mwingine, na hapa ninasema na wale wenye magari na vilemba vya kazi, kama wapo kati ya wasomaji. Habari inakwenda njia mbili. Ebola ya Kivu ya Kaskazini na Ituri, toka mwezi wa munane 2018 mpaka mwezi wa sita 2020, iliua watu zaidi ya 2,200. Mwanzoni timu zilikuja kusema. Zilisema vizuri sana, lakini hazikusikiliza. Watu walikuwa na swali moja rahisi: ndani ya mufuko ule munazika nani? Walisema mufuko umejaa mawe, mutu wetu ameuzwa. Walinzi wengi na megafoni kubwa hazikumaliza neno hilo. Lilipungua wakati watu wa kujitolea wa Musalaba Mwekundu walianza kuandika maswali ya watu vile yalivyo, yakapelekwa kwa wakubwa, na mifuko ikaanza kutumiwa yenye kuonyesha uso wa marehemu, ili jamaa wamuone na kumuaga. Kitambaa cha plastiki kinachoona ndani! Hiyo ilitoka katika swali la mama wa Beni, si katika ofisi.

Na lugha. Watu wa shirika la Translators without Borders walipouliza katika maeneo yale, waliona kwamba Kifaransa na Swahili ya vitabu havifikie wengi, watu walitaka Swahili wanayosema nyumbani. Sisi warudi tuko na shida hiyo kwa upande wetu, tusijidanganye. Tulisoma Tanzania. Tukishika megafoni tunataka kuonyesha kwamba tulisoma. Mwaka 2020, kijana wetu mumoja alipita akitangaza: "Chukueni tahadhari, mafuriko yanatarajiwa!" Bibi mumoja akauliza mujukuu wake: "Huyu Tahadhari ni nani, na tumuchukue wapi?" Tulicheka nyuma, lakini bibi alikuwa na haki. Hapa tunasema: maji inakuja, pandeni ku mulima, sasa. Maneno sita. Na kwa wale wanaosikia Kifuliiru ama Kibembe zaidi, aseme mutu wa kwao.

Mwaka huu, tarehe 4 mwezi wa tano, munajua kilichotokea Kalehe. Nyamukubi ilikuwa siku ya soko. Watu walitoka vijiji vya mbali na bidhaa zao, na maji yakashuka kutoka mulimani. Zaidi ya watu 400 walizikwa, wengine wengi hawakuonekana. Sitasema mengi juu yake, kuna watu hapa ndani wamevaa nguo nyeusi bado. Ninasema tu kwamba mutu wa mbali aliyekuja sokoni hajui njia ya kupandia, hajui shefu wa avenyu ni nani, na hana namba ya mutu yeyote wa hapo. Megafoni inafaa zaidi kwa mugeni kuliko kwa mwenyeji.

Basi, tunaomba nini?

Komite inataka kila avenyu iliyo karibu na Mulongwe, Kalimabenge na Kavimvira iwe na mutu mumoja wa habari na musaidizi wake, mumoja wao awe mama. Kule juu tuwe na watu wanaoona mto, na yule mama aliyenipigia simu amekubali kuwa wa kwanza. Yeye hapigii watu makumi mawili. Anaambia mutu mumoja, na huyo mumoja anarudia maneno yake sauti wazi, kama mutoto wa masomo, ili tujue amesikia sawa. "Maji ya matope, mawe yanalia, juu ya kilalo, saa kenda." Anaandika katika kaye, pamoja na saa. Kisha anaita shefu wa kartie na Proteksio sivile, na wakati huo huo watu wa avenyu. Wakati wa mvua kubwa simu haipite, kila mutu anaita, network inajaa. Ujumbe mufupi wa maandishi unapita pale sauti haipite, kwa hiyo maneno yatakuwa yamekwisha kuandikwa katika telefone, tunajaza tu mahali na saa. Na kama network imekufa kabisa, kuna filimbi, kuna kengele za kanisa, kuna baflo za muskiti, na ile jante ya gari inayotundikwa mutini katika masomo yetu. Mapigo tutakubaliana mbele. Si siku ya maji.

Kila ujumbe uwe na nani anasema, ameona nini na wapi, mufanye nini, na saa ngapi atasema tena. Hicho cha mwisho ndicho watu wanasahau. Nikisema "nitarudi kuwaambia saa kumi," nirudi saa kumi, hata kama jambo ninalo la kusema ni "bado sina kipya." Saa kumi ikipita kimya, radio trotwari inaingia kazini.

Na wale wa kusaidia, wao kwa wao pia wanahitaji kusemezana. Baada ya mvua ya 2020, katika darasa moja nilimoshinda, timu tatu tofauti zilikuja siku moja kuandika majina ya jamaa wale wale. Mama mumoja aliandikwa mara tatu, akachoka, mara ya ine akajificha. Na kulikuwa na kanisa moja, si mbali, ambalo halikuandikwa na mutu hata siku ya sita. Hakuna aliyekuwa mubaya katika timu hizo. Kila moja ilikuwa na karatasi yake na mukubwa wake. Kwa hiyo tunaomba ubao, ndugu zangu. Ubao wa kweli, wa mbao, mbele ya ofisi yetu, wenye kuonyesha nani amepita wapi na lini, na orodha ya watoto wanaotafuta wazazi. Vile ilikuwa Lugufu.

Kwa ndugu zetu walio Marekani, Canada, Australia: munatutumia feza, Mungu awabariki, na tunajua moyo unavyopiga mukiona picha za Uvira usiku. Lakini siku ya maji musipige namba za watu wa habari. Mumoja aliniambia kwamba mwaka ule alipokea simu kutoka ng'ambo mpaka batri ikaisha, na batri ilipoisha, mto ulikuwa bado unapanda. Tutachagua memba mumoja huko kwenu, sisi tutamwandikia yeye, yeye atawaambia wote. Na musituletee video. Ile ya mwaka jana ya kilalo kinachobebwa na maji, tuliambiwa ni Mulongwe, na nusu ya muji ilikimbia kuangalia. Haikuwa Mulongwe. Ilikuwa inchi ingine kabisa, magari yalikuwa yanapita kwa mukono wa kushoto.

Sasa lile swali, vyombo ama blanketi. Sitawaambia kwamba blanketi si kitu. Nililala bila blanketi kama nyinyi. Lakini angalieni mustari wenyewe: megafoni moja kwa kila avenyu, batri, filimbi, kaye, na yinite za kila mwezi, nazo yinite ndizo ngumu. Ni rahisi kupata mufazili wa kununua chombo, ni vigumu kupata wa kukilipia yinite mwaka mzima. Ndicho kilichofunga vyombo vya mulima wa Goma. Kama mutachagua kununua megafoni bila kuziwekea batri na yinite, mimi nitapiga kura ya hapana, afazali tununue blanketi. Risiti zote zitabandikwa kwenye ubao, na tutajaribu mupango wote siku moja ya posho, mbele ya mvua za mwezi wa kenda kukolea. Tutawaambia watu kwamba ni majaribio. Tutasema mara mbili.

Majina ya watu wa avenyu yapelekwe kwa sekretere. Ya avenyu yetu bado haijapatikana. Nilimuomba mutoto wa yule muzee, yule anayefanya kazi ya kushona karibu na soko. Hakunijibu ndiyo, hakunijibu hapana. Nitapita kwake tena juma hili.

Ninaona mama pale nyuma ameinua mukono tangu nilipokuwa Goma. Mama, sema.